Shimo la Machibya

Machibya alikuwa na mashine ya kusaga pale Mabatini, jijini Mwanza. Mashine ilinguruma, na mwenye mashine naye akanguruma. Asiponguruma, nani atamsikia?

"Nikoboe, au unataka dona?" aliuliza kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

Wateja walisema ukitaka siri yako ifike Ukerewe kabla ya kivuko, mnong'oneze Machibya pale mashineni.

Lakini jioni alipofika nyumbani kwake Buzuruga, mambo yalibadilika. Alijikung'uta unga, akakaa, akanyamaza. Mkewe Prudencia, Mhaya wa Muleba, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na wateja wake walimpenda kwa mdomo wake.

"Wenzangu wameolewa na redio," aliwaambia. "Mimi nimeolewa na betri iliyoisha."

Kwa miaka mingi ukimya huo haukumdhuru mtu. Mtoto wao mmoja, Paulo, alikua ndani yake, akasoma, akaenda kufanya kazi Dodoma. Mke aliongea, mume alikula. Ndoa nyingi zimejengwa juu ya vitu dhaifu kuliko hivyo.

Kisha Prudencia akagusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Haukuuma. Aliuacha kidogo, kama wengi wanavyofanya, maana kisichouma tunakifanya mgeni asiye na haraka. Halafu akaenda hospitali. Wakakata kipande kidogo cha uvimbe, wakapima, wakasema ni saratani. Wakamfanyia upasuaji, titi likaondolewa. Baadaye akaanza dawa za dripu, awamu kwa awamu.

"Ni muhimu umalize awamu zote," daktari alisema.

Hilo walilisikia wote wawili. Mengine kila mmoja aliyasikia kivyake.

Machibya alilelewa Usagara na mama aliyeamini kwamba ugonjwa ukitajwa ndani ya nyumba, unaitika. Kwa hiyo hakuutaja. Mwanzoni aliuita "hilo jambo". Baadaye hata "jambo" akaliacha. Likabaki "hilo".

Msifikiri hakumpenda mkewe. Alimpenda sana, ila alimpenda kwa mikono na miguu. Mdomo haukushirikishwa.

Kila jioni alipitia kwa wauza samaki, akanunua kichwa cha sangara. Aliambiwa na watu kwamba mgonjwa anahitaji supu. Akaipika mwenyewe, mwanamume mzima, na jirani yao Selina akawa anachungulia juu ya ukuta apate la kusimulia. Harufu ilijaa nyumba nzima. Machibya aliweka bakuli mbele ya mkewe, akatoka. Akirudi, bakuli tupu. Roho yake ikatulia. Hakujiuliza kwa nini paka wa Selina alikuwa ananenepa.

Usiku alilala sebuleni kwenye kochi. Aliogopa kugeuka vibaya kitandani na kugonga kidonda. Kidonda kilipona. Machibya akabaki kwenye kochi.

Kubwa kuliko yote lilikuwa shimo.

Choo chao kilikuwa mbali, nyuma ya nyumba, na kilikuwa cha kuchuchumaa. Baada ya dripu Prudencia aliishiwa nguvu. Siku moja Machibya alimwona amesimama njiani, ameshika ukuta. Kesho yake alikata mpapai uliokuwa karibu na mlango wa nyuma. Akapima uwanja kwa kamba, akaanza kuchimba shimo la choo cha kukaa, hatua chache tu kutoka jikoni.

Lakini Mwanza ni Mwanza. Ukichimba, unakutana na mwamba. Machibya alichimba kushoto, mwamba. Akachimba kulia, mwamba. Akafuata palipokuwa na udongo laini. Mwisho akapata shimo jembamba, refu, la kina cha kiunoni. Akaleta kokoto na mchanga. Akafyeka uwanja wote, ukawa mweupe.

Prudencia alisimama dirishani akitazama.

"Unachimba," alisema.

"Nachimba," alijibu Machibya.

Mazungumzo ya siku hiyo yakaishia hapo.

Tangu hapo Prudencia akaacha utani. Aliulizwa, akajibu "sawa". Kisha mdogo wake, Kokuberwa, akaja kutoka Kisesa. Prudencia akafungua sanduku, akaanza kumgawia vitenge vyake, hata kile cha bluu alichovaa siku ya Komunyo ya Paulo. Machibya aliona kupitia pazia. Moyo ukampasuka. "Anajiandaa kuniacha," alisema moyoni.

Je, aliuliza? Hakuuliza. Alichukua sururu akaenda kuchimba kwa nguvu zaidi.

Siku ya dripu ikafika. Machibya alivaa shati safi, akaita bodaboda mbili.

"Rudisha bodaboda," alisema Prudencia. "Siendi."

"Utaenda tu. Na utapona tu."

"Nimesema siendi. Dripu nimemaliza."

"Hujamaliza. Daktari alisema..."

Prudencia akaingia chumbani, akafunga mlango. Machibya alisimama pale na shati lake safi. Bodaboda moja ikarudi zake. Nyingine akaipanda mwenyewe, akaenda kliniki bila mgonjwa.

Pale kliniki ya saratani palikuwa na nesi mwanamume, Jovinary, naye Mhaya. Wanaume wote waliooa Wahaya aliwaita shemeji, ili awatanie bila kuomba ruhusa.

"Karibu shemeji," alisema. "Naona umekuja wewe. Dripu tukuwekee wewe?"

"Amekataa kuja."

"Amesema kwa nini?"

"Hajasema."

"Ulimuuliza?"

"Nilimwambia ataenda tu, na atapona tu."

"Hilo si swali, shemeji. Hilo ni tangazo la serikali ya mtaa." Jovinary akavuta kiti, akamkalisha. "Anakula?"

"Sana. Supu haibaki."

"Anaipenda?"

"Inaisha."

"Nimeuliza kama anaipenda."

Machibya akatazama viatu vyake. Vilikuwa na unga.

"Na wewe," alisema Jovinary, "unaogopa?"

"Mimi?"

"Hapana, namuuliza aliye nyuma yako."

Machibya akageuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta. Akageuka tena, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Usiku nalala kwenye kochi," alisema. "Nasikiliza kama anapumua. Nikisikia anapumua, ndipo na mimi napumua."

"Anajua hilo?"

"Hapana! Nisije nikamtisha."

"Basi huenda na yeye ana yake, hataki kukutisha wewe. Shemeji, nikuambie ninayoyaona hapa kila siku. Ugonjwa huu unaleta hofu. Unaleta hasira, aibu, na uchovu. Mgonjwa anavyo, na anayemuuguza anavyo. Haimaanishi kwamba ndoa ni mbovu. Ila visiposemwa, kila mmoja anaanza kubuni mwenzake anawaza nini. Na hofu ikibuni, haibuni harusi."

"Sasa nifanye nini? Mimi maneno sina."

"Mashineni kwako nasikia unayo mengi."

"Yale ni ya mahindi."

Jovinary akacheka. Kisha akamweleza taratibu. Atafute saa ambayo mkewe hajachoka. Azime redio, azime simu. Akae naye chini, asisimame juu yake kama hakimu.

"Usianze na 'wewe kwa nini'," alisema. "Anza na lako. 'Mimi naogopa.' 'Mimi sijui la kufanya.' Ukishasema, muulize yeye yuko vipi. Halafu nyamaza."

"Kunyamaza naweza."

"Unaweza kunyamaza kwa kufunga mlango. Mimi nasema kunyamaza kwa kusikiliza. Akimaliza, mrudishie alichosema kwa maneno yako, ili ujue kama umeelewa. Usikimbilie kujitetea. Usikimbilie kushauri. Muulize, 'Unataka nikusikilize tu, au kuna jambo nikusaidie?' Wakati mwingine mtu hataki msaada. Anataka sikio."

"Na akilia?"

"Alie. Machozi hayaongezi saratani. Anayemwambia 'usilie' anamwambia 'usiniambie'."

"Na akiniuliza kama atakufa?"

"Mwambie hujui. Ndiyo kweli yenyewe. Kisha njooni wote wawili, mmuulize daktari kwa pamoja. Ila shemeji, fanya hima. Dripu ikichelewa siku chache, daktari atajua la kufanya. Ikiachwa kabisa, ugonjwa hautawasubiri mmalize kununiana."

Machibya akarudi Mabatini. Mchana huo alifanya mazoezi. Alichagua gunia moja kubwa la mahindi, akasimama mbele yake.

"Mimi naogopa," aliliambia gunia.

Mashine ilikuwa inanguruma, kwa hiyo aliliambia kwa sauti ya mashineni. Mama mwenye gunia akaruka kutoka kwenye benchi.

"Unaogopa mahindi yangu? Hayana sumu hayo! Nimeyakausha mwenyewe juu ya turubai!"

"Si mahindi, mama. Ni mke wangu."

"Ah," mama yule akakaa tena. "Huyo hata mimi sina la kukushauri."

Siku hiyo Machibya alifunga mashine mapema. Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Hakupitia kwa wauza samaki. Alizima redio, akazima simu. Akachukua kigoda, akakaa barazani karibu na mkewe, chini kidogo kuliko yeye. Prudencia alikuwa anakunja pindo la sketi ya mtu.

"Mama Paulo," alisema Machibya, "wewe kwa nini hutaki..."

Sindano ikasimama. Uso wa Prudencia ukajifunga. Machibya akang'ata ulimi. Alikuwa amekosea neno la kwanza kabisa, lile alilokatazwa kuliko yote.

Akaanza upya.

"Mama Paulo. Mimi naogopa."

Prudencia akamtazama. Katika miaka yao yote hakuwahi kusikia neno hilo likitoka mdomo ule.

"Unaogopa nini?" aliuliza. "Wakati kila kitu umeshaandaa."

"Nimeandaa nini?"

"Baba Paulo, mimi titi ndilo limekatwa. Macho ninayo. Umekata mpapai. Umefyeka uwanja, turubai lipate pa kukaa. Umeleta kokoto za kujengea. Umepima kwa kamba, umechimba. Hata kuniuliza nataka kuzikwa wapi hukuuliza. Mimi sizikwi kwenye mwamba wa Buzuruga. Mimi nina kwetu. Ijumaa napanda meli ya Bukoba, nashuka Kemondo, naenda kwa mama yangu Muleba. Huko kwenye migomba ndiko nitakapolala."

Machibya akafungua mdomo. Alitaka kupiga kelele ya mashineni, "Choo! Ni choo!" Lakini akamkumbuka Jovinary. Usikimbilie kujitetea. Akaumeza ukelele ule, ukashuka kama muhogo mkavu.

"Umeona nachimba," alisema polepole, "ukaona naandaa msiba wako."

"Ndiyo."

"Ukaona nimekukatia tamaa."

"Ndiyo." Machozi yakaanguka juu ya sketi ya mtu.

"Kwa hiyo dripu ukaona ya nini."

Prudencia akalia. Machibya hakumwambia anyamaze. Alikaa tu, na kukaa kule kulikuwa kugumu kuliko kuchimba mwamba. Mkewe alipotulia, Machibya akasema:

"Mama Paulo, naomba tutoke nyuma kidogo."

Wakatoka. Chini ya turubai la zamani, kando ya mifuko ya saruji, kulikuwa na kitu cheupe kimefunikwa kwa gunia. Machibya akalivuta gunia. Lilikuwa sinki la choo cha kukaa, jipya, na mfuniko wake.

"Nilikuona siku ile umeshika ukuta," alisema. "Nikasema usitembee mbali tena."

Prudencia alitazama sinki. Akatazama shimo refu, jembamba. Akatazama sinki tena.

"Choo gani hicho chenye shimo la mtu kulala?"

"Mwamba! Nimekwepa mwamba!"

"Na mdomo wako? Nao umekutana na mwamba?"

Prudencia akaanza kucheka, machozi bado yapo mashavuni. Akacheka mpaka akashika ukuta, na safari hii Machibya alimshika mkono. Selina akatokeza kichwa juu ya ukuta, akauliza kuna nini. Akajibiwa hakuna. Hiyo ndiyo habari pekee aliyowahi kuikosa mtaani kwake.

Wakarudi barazani. Sasa mlango ulikuwa umefunguka, na mengine yakatoka yenyewe.

"Ile supu," alisema Prudencia. "Anakunywa paka."

"Paka!"

"Tangu nianze dripu harufu ya samaki inanipindua tumbo. Ukianza kuchemsha tu, natamani kuhama nyumba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unaipika kwa bidii. Ningesemaje?"

Machibya akahesabu kimya kimya vichwa vya sangara, akaona aache. "Harufu ya samaki inakuchefua," alirudisha. "Sasa unaweza kula nini?"

"Uji mwepesi, uliopoa. Ndizi ya kuchemsha, kidogo kidogo. Na ukipika, dirisha liwe wazi."

Prudencia akashusha macho.

"Na kitanda? Ulihama kitanda."

Hapa Machibya aliona neno linakwama. Akalisukuma. "Niliogopa kukuumiza."

"Kidonda kimepona siku nyingi. Mimi nilisema, ameona nimebaki na titi moja. Ameona kinyaa." Akavuta pumzi. "Nilisema vitenge vyangu bora avae mdogo wangu, kuliko avae huyo utakayemleta."

"Ulifikiri nimekuonea kinyaa, na nitaoa mwingine," alisema Machibya. Maneno hayo yalimuuma kuyarudia, lakini aliyarudia yote. Kisha akasema yake. "Mimi nilipoona vitenge vinaondoka, nilisema unaniacha. Kule kwenye kochi silali. Nakusikiliza unavyopumua."

Prudencia akaikunja ile sketi ya mtu, akaiweka kando.

"Kochi lenyewe lina spiringi imetoka," alisema mwishowe.

"Inachoma mgongoni."

"Basi rudi."

Machibya akaomba jambo moja tu: waende kliniki kesho, wote wawili, wakaongee na daktari. Hakusema "utaenda tu". Aliuliza. Prudencia akafikiri.

"Nitaenda," alisema. "Lakini nina maneno. Ndugu zako wa Usagara wapunguze kuja makundi makundi kunitazama kama mnada. Na nikisema nimechoka, usiniambie nijikaze. Siku nyingine nina hasira, si na wewe, ni hasira tu. Uniache nikasirike."

"Wageni wapungue. Nisikuambie ujikaze. Ukikasirika nikuache," alisema Machibya.

"Umenisikia."

Asubuhi wakaenda. Prudencia alimuuliza daktari mwenyewe kama atapona. Daktari hakuapa. Aliwaambia ugonjwa uliwahiwa kabla haujasambaa, tiba inakwenda vizuri, na nafasi ni nzuri akimaliza dripu na kuhudhuria vipimo. Akampa pia dawa nyingine ya kichefuchefu, maana kumbe Prudencia hakuwahi kumwambia mtu anatapika kiasi gani. Dripu ikawekwa siku ileile.

Hata mambo ya chumbani waliuliza, huku Machibya akitazama dari. Jovinary akawaeleza bila haya kwamba saratani haiambukizi. Kulala pamoja na kukumbatiana hakuna madhara. Ila siku chache baada ya dripu dawa inakuwa bado mwilini, hivyo watumie kondomu, na waepuke mimba wakati wa tiba.

"Mimba!" alisema Prudencia. "Nesi, umri huu? Unanitania au unanisifu?"

"Vyote, dada," alisema Jovinary.

Toka hapo wakawa na utaratibu wao. Kila Jumapili baada ya misa walikaa barazani, simu zimezimwa. Kila mmoja alisema lake. Siku nyingine waliongea sana. Siku nyingine Machibya alisema maneno matatu, lakini yalikuwa ya kweli.

Faida ilionekana mapema. Jioni moja, siku kadhaa baada ya dripu, Prudencia alisema, "Baba Paulo, nasikia baridi. Mwili unachemka." Zamani angejifunika kitenge akanyamaza, asimsumbue mtu. Machibya naye alikumbuka walichoambiwa: mtu aliye kwenye dripu za saratani akipata homa, asisubiri kupambazuke. Wakakodi teksi, wakaenda hospitali. Kinga ya mwili ilikuwa imeshuka, na vijidudu vilikuwa vimepata njia. Akalazwa, akapewa dawa, akatoka mzima.

"Mngengoja asubuhi, tungekuwa tunaongea mengine," daktari alisema.

Siku ya dripu ya mwisho, Prudencia alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mrija mkononi, kilemba kichwani. Machibya alikaa pembeni. Wakaanza kubishana. Ubishi ulikuwa juu ya mama yake Prudencia kule Muleba, ambaye hadi siku hiyo hakuwa ameambiwa lolote.

"Ni mzee, atashtuka," alisema Prudencia.

"Atashtuka zaidi akiambiwa na watu wa sokoni. Na mimi ndiye atakayenilaumu, mkwe."

"Unaogopa lawama?"

"Naogopa mama yako. Nimejifunza kusema ninachoogopa."

Wagonjwa wengine wakacheka. Prudencia akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje, kisha akamsukumia mumewe.

"Shikamoo mama," alisema Machibya.

"Marahaba. Machibya! Leo umeongea kwenye simu? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mama. Prudencia aliumwa saratani ya titi. Tumetibiwa, na leo tunamaliza dripu."

"Mmetibiwa? Mmeumwa wote wawili?"

"Ameumwa mmoja, mama. Tumetibiwa wawili."

Hapo mama mkwe akalipuka, kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Alitaka kujua nani aliamua kumficha, na tangu lini, na kama wanamwona yeye ni yai la kupasuka. Machibya akamrudishia mkewe simu. Prudencia akamrudishia mumewe.

"Wewe ni mwanaye!"

"Wewe ndiye uliyesalimia!"

Jovinary akaja na pamba mkononi, kutoa sindano. Dripu ilikuwa imekwisha. Akawatazama wale wawili wakigombea nani asemwe, akasimama kando, akasubiri mama amalize.